Ushauri wa Chakula kwa Mgonjwa wa Kisukari: Tiba Inayotolewa Bila Kufundishwa

Asubuhi ya siku ya kliniki ya kisukari hufanana katika hospitali nyingi za wilaya nchini Tanzania. Wagonjwa huwahi bila kula wala kunywa, hukaa kwenye mabenchi, huchomwa kidole, huandikiwa namba kwenye daftari, kisha husubiri kuitwa. Zamu ya mgonjwa inapofika, mazungumzo huchukua dakika chache, na nyingi kati ya hizo huenda kwenye dawa. Zinazobaki hutosha sentensi moja, ambayo karibu kila mwenye kisukari anaijua kwa moyo: acha ugali, acha wali, acha sukari, kula mboga za majani. Mgonjwa huitikia, huchukua dawa zake na kuondoka. Miezi miwili baadaye hurudi na namba ileile au iliyopanda zaidi, na katika faili lake huandikwa kwamba hafuati masharti.

Neno hilo, masharti, lastahili kutazamwa kabla ya kuendelea. Ni neno la mganga wa kienyeji. Mganga humpa mteja dawa pamoja na masharti, na dawa isipofanya kazi, jibu huwa tayari: masharti yamevunjwa. Kwa njia hiyo mganga hakosei kamwe. Inasikitisha kuona watumishi waliosoma miaka mitatu, mitano au kumi wakiazima neno hilo pamoja na kinga yake. Mgonjwa ambaye sukari haishuki huhesabiwa mkaidi, na ni mara chache mtu huuliza kama ushauri aliopewa ulikuwa na maana yoyote jikoni kwake.

Ushauri wa chakula kwa mwenye kisukari ni tiba. Una kipimo chake, una madhara yake, na hugongana na dawa nyingine kama ilivyo kwa dawa yoyote ya kumeza. Kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, ushauri unaotolewa na mtu aliyefunzwa unaweza kushusha kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi, kwa nusu nukta hadi nukta mbili za asilimia. Vidonge vingi vinavyotumika kila siku havizidi hapo. Lakini chuo kisichoweza kumruhusu mwanafunzi achome sindano kabla ya kusimamiwa humwachia mwanafunzi huyohuyo atoe ushauri wa chakula kwa kubahatisha, kwa dhana kwamba kila mtu hula na kwa hiyo kila mtu anajua chakula.

Tatizo hili si la nchi moja. Mwaka 2019 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha mapitio ya tafiti 24 kuhusu ufundishaji wa lishe katika vyuo vya udaktari vya nchi mbalimbali, na hitimisho lake lilikuwa kwamba lishe haifundishwi vya kutosha, bila kujali nchi wala mwaka wa masomo. Kwa Tanzania, hata hivyo, ukubwa wa jambo umebadilika ndani ya kizazi kimoja. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta mgonjwa wa kisukari takriban mmoja katika kila watu wazima mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa nao. Maeneo na mbinu za tafiti hizo mbili hazilingani, na haifai kuzipambanisha tarakimu kwa tarakimu. Lakini mtumishi wa zahanati hahitaji takwimu kumwambia kwamba ugonjwa uliokuwa wa vitabuni sasa umekaa kwenye benchi lake.

Mtumishi huyo hujua nini kuhusu chakula? Hujua mengi kuhusu safari ya glukosi ndani ya seli, kwa kuwa hayo aliyasoma kwa jina la biokemia na kuyafanyia mtihani. Akiulizwa sahani ya ugali wa mchana ina gramu ngapi za wanga, hukwama. Hesabu yenyewe si ngumu. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina takriban gramu 75 za wanga. Familia inayosonga kilo moja ya unga kwa walaji watano humpa kila mmoja gramu 200 za unga, yaani gramu 150 za wanga kwa mlo mmoja, kabla ya kuhesabu maharage, tunda au soda. Wagonjwa wengi wa aina ya pili huanzishiwa gramu 45 hadi 60 kwa mlo. Hapo ndipo tatizo la ugali linapoonekana waziwazi: wingi wake. Ugali wa ukubwa wa ngumi, ukiwa na mboga za majani za kujaza nusu ya sahani, dagaa au maharage, ni mlo unaoweza kumfaa mwenye kisukari. “Acha ugali” ni amri ambayo mwenye kipato kidogo hawezi kuitii kwa wiki nzima, na hata akiitii hubadilisha ugali kwa muhogo au viazi bila kujua kwamba wanga umebaki palepale.

Yapo makosa mengine ambayo watumishi huyarudia kwa nia njema kabisa. La kwanza ni ulezi. Wagonjwa wengi huambiwa waache sembe na kunywa uji wa ulezi watakavyo. Ulezi una nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe na una madini ya chokaa kwa wingi, hilo ni kweli. Lakini gramu 100 za unga wake zina takriban gramu 72 za wanga, karibu sawa na mahindi, na uji laini uliochemka vizuri hupanda haraka kwenye damu. Bakuli mbili kubwa za uji huo asubuhi zinaweza kueleza namba ambayo vidonge vimeshindwa kuishusha. Dona nayo ni bora kuliko sembe, na bado ni wanga. Asali, hata ile ya nyuki wadogo inayouzwa kama dawa, takriban asilimia 80 ya uzito wake ni sukari. Kwa upande wa pili, matunda yote hupigwa marufuku, mgonjwa akanyimwa kipande cha papai huku akinywa juisi ya embe kwa sababu imetengenezwa nyumbani.

Makosa hayo huchelewesha nafuu. Lipo jingine linaloweza kuua. Chukulia mzee wa miaka 67 anayemeza glibenklamidi asubuhi na jioni. Dawa hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini, chakula kiwepo au kisiwepo. Kliniki imemwambia aache ugali, naye ni mtu mwenye kushika neno la daktari. Jioni hiyo anakula mchicha na kunywa chai isiyo na sukari, anameza kidonge chake kama kawaida, analala. Usiku anatokwa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, anawasukuma wanaomshika. Nyumbani wanadhani ni malaria imepanda kichwani, au ni jambo la kuitiwa shehe. Alfajiri haamki. Kisa hiki ni cha mfano, lakini aliyefanya kazi katika wodi ya dharura hatauliza kimetolewa wapi. Jambo la kutisha ni kwamba kimemkuta mgonjwa mtiifu. Jirani yake aliyepuuza ushauri na kula ugali wake yuko salama usiku huo. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imekwisha kuonya kwamba glibenklamidi haiwafai watu waliozidi miaka 60, ingawa bado hukutwa mikononi mwao. Popote inapotumika, anayepunguza chakula bila kutazama kidonge ametibu nusu ya mtu.

Mtumishi aliyefunzwa angemwambia mzee huyo na, muhimu zaidi, mkewe: sukari ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, au zikitokea dalili za jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, apewe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, maadamu anaweza kumeza, baada ya dakika 15 apimwe tena, na akiwa bado chini arudiwe, kisha ale. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Maelezo haya huchukua chini ya dakika mbili. Mgonjwa aliyefundishwa kuiogopa sukari kama sumu, asipopewa maelezo haya, anaweza kuikataa saa ileile inapoweza kuokoa maisha yake.

Historia nayo ina jambo la kukumbusha. Kabla ya insulini, tiba ya kisukari ilikuwa njaa. Daktari Frederick Allen wa Marekani aliwaweka wagonjwa, watoto miongoni mwao, katika mlo mdogo kiasi kwamba walikonda hadi mifupa, na kwa wakati ule haikuwapo njia bora ya kuwaongezea miezi ya kuishi. Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyechomwa sindano ya insulini mjini Toronto Januari 1922, alikuwa na uzito wa kilo 30 hivi. Siku ile ilipaswa kuwa mwisho wa tiba ya njaa. Lakini mpaka leo yuko mtoto wa kisukari cha aina ya kwanza ambaye ana chupa yake ya insulini na bado ananyimwa wali na viazi nyumbani kwa maelekezo ya kliniki, akaacha kukua. Mtoto huyo anahitaji chakula cha mtoto wa rika lake, na insulini inayolingana nacho. Hali kadhalika mgonjwa mtu mzima aliye mwembamba: kumwagiza apunguze kula kwa sababu tu faili lake limeandikwa kisukari ni kumdhuru. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikitambua kisukari kinachohusiana na utapiamlo kuwa aina ya tano, na watumishi wa nchi zenye udumavu wana sababu ya kulizingatia hilo kuliko wengine.

Wanaosema kwamba mafunzo ya namna hii ni anasa ya nchi tajiri watazame utafiti wa DiRECT, uliochapishwa mwaka 2017. Ulifanyika katika kliniki 49 za kawaida za huduma ya msingi huko Scotland na Tyneside, Uingereza, kwa wagonjwa 298 wa aina ya pili waliougua kwa muda usiozidi miaka sita na wasiotumia insulini. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya waliopewa mpango maalumu wa chakula walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa yoyote. Katika kundi la matibabu ya kawaida walikuwa asilimia 4. Mpango wenyewe ulitumia vyakula vya pakiti vya nishati ndogo sana kwa miezi kadhaa, na haufai kunakiliwa ovyo, hasa kwa wagonjwa wembamba au wanaomeza dawa zinazoshusha sukari kwa nguvu. Kinachopaswa kunakiliwa ni kingine. Walioutekeleza walikuwa wauguzi na wataalamu wa lishe wa kliniki hizohizo, na mafunzo waliyopewa kwa kazi hiyo yalikuwa ya jumla ya saa nane. Siku moja ya kazi! Kisha wakawa na utaratibu wa kuwafuatilia wagonjwa walewale, mara kwa mara, kwa mpango ulioandikwa.

Saa nane hizo nchini Tanzania zitumike wapi? Si zote darasani. Nusu yake ingefaa iwe sokoni na jikoni. Wanafunzi wapewe mizani, wanunue unga, mchele, viazi vitamu, ndizi mbichi, muhogo na maharage, wapike, wapakue kama wanavyopakua nyumbani, kisha wapime walichopakua na kukokotoa wanga wake. Nyenzo ya kufanyia hesabu ipo. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard walitoa majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania, yenye vyakula vibichi na vilivyopikwa. Yameandikwa kwa Kiingereza na kwa gramu. Kazi iliyobaki ni kuyageuza yawe Kiswahili na vipimo vya nyumbani: upawa, kikombe, bakuli, ngumi, tonge. Watu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi karne nyingi kabla ya mizani ya kliniki. Kipimo cha macho na mkono si kigeni kwao, kimeachwa tu nje ya mtaala. Vipeperushi vilivyotafsiriwa vinavyomshauri mkulima wa Kongwa ale brokoli na mafuta ya zeituni vingekufa vyenyewe.

Nusu ya pili ya mafunzo iwe ya kuuliza, na hapa ndipo penye ugumu halisi. Mwanafunzi akimwuliza mgonjwa amekula nini asubuhi, hujibiwa “chai tu,” akaandika chai na kuendelea. Amesahau lugha yake mwenyewe, kwani kunywa chai ni kufungua kinywa na vyote viambatanavyo. Mazungumzo ya aliyefunzwa huenda hivi:

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Jana ulipoamka, ulianza na nini?”

“Chai tu.”

“Na kitafunio gani?”

“Muhogo wa kuchemsha, vipande vitatu.”

“Chai unaweka sukari, bibi?”

“Kidogo. Vijiko vitatu.”

“Vikombe vingapi?”

“Viwili. Cha tatu mjukuu akinimiminia, sikatai.”

Vijiko tisa vya sukari, takriban gramu 40, zaidi ya sukari iliyomo katika chupa ndogo ya soda, vimepatikana kwa maswali machache na bila kumkemea mtu. Bibi huyo hahitaji kuagizwa aache kitu kumi. Ashuke kutoka vijiko vitatu hadi viwili wiki hii, kisha hadi kimoja, na kipande cha muhogo kimoja kibadilishwe kwa yai au maharage ya jana. Ugali wake haujaguswa, na mfuko wake umepata nafuu badala ya kuongezewa mzigo. Swali jingine ambalo halipaswi kukosekana ni nani anayepika. Mara nyingi mgonjwa ni baba na anayeshika mwiko ni mke, binti au mama lishe wa karibu na kazini. Ushauri uliotolewa kwa baba peke yake humfikia mpishi ukiwa umepinda, au haumfikii kabisa.

Mazoezi hayo ya kuuliza ndiyo yatakayowafundisha vijana heshima ya meza ya mtu. Katika nyumba ambamo watu wanakula sinia moja, kumtengea mgonjwa sahani yake kunaweza kumfanya ajione ametengwa na watu. Yawezekana akabaki kwenye sinia, akaanza na mboga na samaki, akahesabu matonge. Mwezi wa Ramadhani nao hauji kwa ghafla. Miongozo ya kimataifa inashauri mgonjwa anayekusudia kufunga atathminiwe wiki sita hadi nane kabla, ili dozi na saa za dawa zipangwe upya na aelezwe ni lini alazimike kufungua. Mtumishi asiyeuliza, akidhani katazo limetosha, humwacha mgonjwa afunge kwa siri na kidonge kilekile.

Hoja itakayotolewa dhidi ya haya yote ni foleni. Ni hoja ya kweli: tabibu mwenye wagonjwa sitini hawezi kufanya mahojiano ya nusu saa. Lakini wagonjwa hao huketi kwenye mabenchi saa mbili au tatu kabla ya kuitwa, na elimu ya afya ya asubuhi hutolewa papo hapo, mara nyingi kwa hotuba ileile iliyokaririwa. Muuguzi mmoja aliyefunzwa, akiwa na sufuria la ugali uliopikwa na sahani tatu, angefanya katika saa moja hiyo kazi ambayo chumba cha daktari hakiwezi. Wapo pia maafisa lishe katika halmashauri, ambao kwa miaka mingi kazi yao imeelekezwa kwenye udumavu wa watoto. Hakuna sababu nzuri ya kuwaweka mbali na kliniki ya kisukari iliyo jengo la pili kutoka ofisini kwao.

Hata hivyo, vyuo vina tabia inayojulikana na kila aliyepita humo: kisichotahiniwa hakisomwi. Kama mtihani wa vitendo una kituo cha kupima shinikizo la damu na kituo cha kuchoma sindano, uwe pia na kituo ambamo mwanafunzi anakutana na mtu mwenye kisukari, mwenye kipato cha kawaida na dawa zake mkononi, na katika dakika kumi anatakiwa kujua anakula nini, nani anampikia, anameza nini, na wakubaliane badiliko moja. Atakayesema “acha ugali” na kunyamaza, ashindwe kituo hicho kama ambavyo angeshindwa kwa kuchoma sindano pasipostahili.

Mgonjwa hana haja ya kungoja mitaala ibadilike. Siku ya kliniki anaweza kuja na karatasi yenye orodha ya alivyokula jana, kuanzia kikombe cha kwanza hadi cha kulalia, na kuja na anayempikia. Na kabla ya kunyanyuka kwenye kiti ana haki ya kuuliza: “Daktari, dawa hii nikiimeza halafu nikakosa chakula, itakuwaje?”